Geji Iliyoaminika Mno

Pampu nzuri inaweza kuitoa hewa kwenye chemba ya chuma mpaka kila sentimita moja ya ujazo ibaki na molekuli milioni 24 hivi. Ni chache mno: kanieneo lake ni sehemu moja ya trilioni ya lile la hewa tunayovuta, na hakuna kiwambo kinachoweza kulihisi. Geji ya ioni inayotumika hapo haipimi kanieneo kabisa. Hurusha elektroni kutoka kwenye waya wa moto, zigonge molekuli na kuzigeuza ioni, kisha hupima umeme wa ioni hizo. Weka heliamu badala ya naitrojeni, kanieneo likiwa lilelile, na geji itasoma takriban moja ya tano tu.

Kwa hiyo geji hufanyiwa ugezi: hulinganishwa na kifaa kinachoaminika. Kuanzia 1874, kwa miongo mingi kifaa hicho kilikuwa cha Mwingereza Herbert McLeod. Hunasa gesi ya ujazo unaojulikana, huikandamiza kwa zebaki ndani ya kapilari, kisha mtu husoma kimo cha zebaki na kukokotoa kwa kanuni ya Boyle. Nani angekitilia shaka?

Kumbe kifaa hicho kilikosea, na mkosaji alikuwa zebaki. Ili mvuke wake usiingie kwenye chemba, kati ya kifaa na chemba liliwekwa bomba lililopozwa kwa naitrojeni kimiminika. Mvuke ukatiririka mfululizo kwenda kuganda huko, ukisomba molekuli za gesi kama mto unavyosomba majani. Gesi ndani ya kifaa cha McLeod ikawa pungufu kuliko ya kwenye chemba, na kifaa kikasoma chini. Kwa gesi nzito kosa lilikuwa kubwa kuliko kwa heliamu. Mjerumani Wolfgang Gaede alilieleza jambo hili mwaka 1915. Ajabu ni kwamba wengi hawakulijali mpaka Ishii na Nakayama wa Japani walipopima ukubwa wake mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Njia nyingine, iliyotumiwa na Martin Knudsen tangu 1910, ni kutengeneza kanieneo badala ya kulisaka. Gesi kidogo hufunguliwa iingie kwenye chemba tupu yenye ujazo mara 99. Kanieneo hushuka hadi sehemu ya mia. Fanya hivyo mara tatu, umefika sehemu ya milioni. Kinachosumbua ni kuta za chuma, ambazo nazo hutoa gesi, hivyo chemba huokwa kwanza.

Kipimo kinachopatikana kwa njia hiyo hupelekwa maabara nyingine kwa gololi. Ni ya chuma, ya milimita 4.5, huelea kwa sumaku na kuzungushwa mara mia kadhaa kwa sekunde. Gesi huipunguzia kasi, na upungufu huo ndio huonyesha kiasi cha gesi. Mkwaruzo mdogo tu hubadilisha jibu, ndiyo maana husafirishwa ikiwa imebanwa kwa springi ndani ya ombwe.