Uso ikipinda: usipoteze siku tatu za kwanza

Unaamka asubui, unasukutua mudomo, maji inatoka yenyewe upande moja. Unajiangalia kwa kioo: shavu imeanguka, mudomo imevutwa upande ingine, jicho moja inakataa kufunga. Jana hakukuwa kitu. Katika kartiye, watu hawakawii kutoa maneno: «Amepigwa kofi usiku», ao «Ni baridi, alilala dirisha wazi». Mugonjwa anapelekwa kwa mufumu, ao anasuguliwa mafuta nyumbani, na siku zinapita. Na zile siku njo zenye dawa inasaidia zaidi.

Kwanza, je, ni AVC?

Uso inaweza kupinda sababu ya ubongo, ni kusema AVC, ao sababu ya mushipa wa uso wenyewe. Mwambie mugonjwa ainue nyushi kama mutu anayeshangaa. Katika AVC, mara nyingi paji ya uso inakunjamana bado pande zote mbili, lakini mudomo imepinda. Mushipa wa uso ukiwa ndio wenye shida, paji ya upande ule inabaki laini, na jicho haifunge.

Lakini usijidanganye kwa alama moja tu. Kama mukono ao muguu imelegea, kama maneno inatoka vibaya, kama kichwa inauma sana kwa gafula, kimbia hospitali saa ileile, hata usiku. Na kama hakuna zile alama, enda siku ileile pia. Ni munganga atasema ni nini.

Mushipa unabanwa

Kila upande wa uso una mushipa wake wa fahamu. Kabla ya kufika usoni, unapita ndani ya mufupa nyuma ya sikio, katika njia nyembamba sana. Ukivimba mule, unakosa nafasi, unabanwa, unaacha kazi.

Kila mwaka, ugonjwa huu unashika karibu watu 15 mpaka 30 kwa kila watu 100 000. Unaitwa kwa jina la Charles Bell, munganga wa Scotland aliyeeleza kazi ya mushipa ule mwaka wa 1821. Kwa Kifaransa wanganga wanausema pia «a frigore», maana yake wa baridi. Basi tusicheke wazee wetu wenye kusema upepo. Lakini leo wengi wanaona kwamba virusi njo inausababisha mara nyingi: ile ya erpesi, yenye kuleta malengelenge kwa midomo. Inalala katika mushipa miaka mingi, kisha inaamuka.

Kuko sababu zingine, na kila moja ina dawa yake. Sikio yenye kutoka usaha, zaidi kwa watoto. Zona, yenye kuleta malengelenge na maumivu makali katika sikio. Virusi vya SIDA: kwa wengine uso kupinda ni alama ya kwanza, ni vizuri kupimwa. Ukoma, wenye bado uko katika inchi yetu, na dawa yake ni ya bure. Pigo la kichwa katika aksida. Ugonjwa wa sukari na miezi ya mwisho ya mimba inaongeza hatari.

Dawa na wakati wake

Dawa yenye imeonekana kusaidia ni prednizoloni, ya jamaa ya kortizoni. Inapunguza uvimbe ndani ya ile njia ya mufupa. Inaomba kuianza mbele ya saa 72. Katika uchunguzi wa Scotland uliotangazwa mwaka wa 2007, watu 551 walifuatwa. Kisha miezi tisa, wale waliopewa prednizoloni mapema walipona kabisa karibu 94 kwa 100; wale hawakuipata, karibu 82.

Usiinunue wewe mwenyewe kwa farmasi. Inapandisha sukari na tansio, na inaweza kuamusha kifua kikuu. Mwambie munganga magonjwa yote uko nayo, na kama uko na mimba.

Jicho, usiisahau

Uso unaweza kupona kisha jicho ikabaki na kovu. Jicho yenye haifunge inakauka, na vumbi ya barabara inaikwaruza. Muchana weka matone ya kulainisha, vaa lunete, zaidi ukipanda moto. Usiku weka pomada ya macho, kisha funga kope pole pole na sparadra. Jicho ikiuma, ikiwa nyekundu ao ikiona giza, rudi kwa munganga bila kungojea.

Wengi wanaanza kuona mabadiliko kisha juma mbili ao tatu. Kama kisha miezi mitatu hakuna kitu inasogea, ao kama uso ulipinda pole pole kwa majuma mengi, inaomba kutafuta sababu ingine, kama vile uvimbe. Rudi hospitali, na ueleze siku gani ilianza.