Kilichokikwamisha Kitochi cha WhatsApp

Mwaka 2019 kampuni mbili za simu nchini Tanzania, Vodacom na Tigo, zilileta sokoni simu ndogo za vibonye zenye mtandao wa 4G, na zote mbili zikachukua jina ambalo mtaani lilishazoeleka: kitochi. Kwa bei iliyozunguka shilingi 50,000, mtu wa Kibosho au Mwika, Kilimanjaro, alipata simu inayokaa na chaji kwa muda mrefu, yenye tochi yake, na juu ya hayo WhatsApp, Facebook na YouTube. Mfumo endeshi wake, KaiOS, ulitengenezwa makusudi kwa vifaa vya bei ya chini, kiasi kwamba kumbukumbu ya megabaiti 256 ilitosha kuuendesha. Google yenyewe ilikuwa imewekeza humo dola milioni 22 mwaka 2018. Ukihesabu sifa zake, kitochi hicho kilikuwa na kila sababu ya kujaa kwenye mifuko ya watu kuanzia Himo hadi Machame. Kumbe haikuwa hivyo. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mapema 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa wameiweka zamani. Betri ilikuwa nzima, vibonye vizima, laini inasoma. Lakini sababu iliyomfanya mtu akinunue badala ya kitochi cha kawaida ilikuwa imeondoka.

Kifaa kinaposhindwa sokoni, tumezoea kukifungua na kutafuta kasoro ndani: kamera hafifu, kioo kidogo, chipu nzito. Mimi naona jibu mara nyingi liko nje yake. Anayenunua simu au kishikwambi ananunua pia programu zitakazokubali kukaa humo, fundi atakayeweza kukitengeneza, spea zinazopatikana karibu, na mtu wa kumuuzia siku akikichoka. Aliyetawala soko ameshavizungushia vifaa vyake mambo hayo yote. Mgeni anakuja na kifaa kimoja kizuri, halafu anatakiwa ashindane na umati mzima.

Tazama meza ya fundi simu wa mjini Moshi, mmoja wa wale wenye kibanda cha upana wa hatua mbili. Vioo vimepangwa ukutani kwenye vifuko vya nailoni, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Spark, Pop, Camon, Hot, Smart, Galaxy A. Mteja akileta simu iliyopasuka, fundi anaipasha moto pembeni hadi gundi ilegee, anabandua kioo, anachomeka kipya na kukijaribu kwa kidole kona zote nne kabla ya kukibandika. Kazi nzima inaisha mteja akiwa amesimama palepale. Vioo vile ni mtaji wake, na mtaji mdogo hauruhusu kuweka ukutani kitu kitakachokaa miezi sita bila kuulizwa. Kwa hiyo anaweka vya simu zilizo nyingi. Mwenye simu ya nadra anaambiwa kioo kitaagizwa Kariakoo na kuja na basi, asubiri, na bei itakuwa juu. Anakwenda kuwasimulia jirani na shemeji. Simu yake inashuka thamani ya kuuzia, wanunuzi wanaofuata wanaikwepa, na fundi anapata sababu nyingine ya kutoweka kioo chake. Wachumi huuita mzunguko huu athari za mtandao. Hakuna aliyekaa kupanga njama dhidi ya simu ya mgeni. Kila mmoja amepiga hesabu yake ya kawaida, na mkubwa amezidi kuwa mkubwa.

Upande wa programu mzunguko ni uleule, ila unakwenda kasi zaidi. Mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya iPad kutoka, BlackBerry ilileta kishikwambi cha PlayBook kikiwa hakina hata programu yake yenyewe ya barua pepe, jambo la ajabu kwa kampuni iliyojijengea jina kwa barua pepe, na kabla mwaka haujaisha ikalazimika kufuta kwenye vitabu vyake hasara ya dola milioni 485. HP nayo ilianza kuuza TouchPad Julai Mosi mwaka huohuo, na Agosti 18 ikatangaza kuacha. Mtengeneza programu alikuwa akijiuliza swali moja tu: wateja wako wapi? Na wateja nao walikuwa wakiuliza ziko wapi programu.

Ushahidi ulio safi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Huawei, kwa sababu hapo kitu kimoja tu kilibadilika. Hadi mapema 2019 simu zake zilikuwa zinauzika vizuri Afrika na Ulaya. Mei mwaka huo Marekani ikaiwekea vikwazo, na matoleo yake mapya yakakosa huduma za Google: hakuna duka la Play, hakuna Gmail, hakuna ramani tulizozizoea. Mafundi wa kampuni walikuwa walewale, na kamera zake ziliendelea kusifiwa. Nje ya China soko likaporomoka. Ndani ya China, ambako huduma za Google hazikuwa zikitumika hata kabla ya hapo, watu waliendelea kununua, hata robo ya pili ya 2020 Huawei ikaongoza duniani kwa idadi ya simu zilizopelekwa sokoni. Simu ileile ilishinda palipokuwa na programu za kuizunguka, ikashindwa palipokosekana.

Sasa turudi kwenye kitochi chetu. Katika vijiji vya Kilimanjaro WhatsApp imegeuka kuwa ofisi ya ukoo. Michango ya msiba inatangazwa humo na majina ya waliotoa yanaorodheshwa humo. Kikao cha harusi kinaitishwa humo. Wana wa Kibosho au Rombo walioko Dar es Salaam wanajadiliana humo nani anapanda nyumbani Desemba na nani anatuma tu. Asiye kwenye kundi anapata habari zikiwa zimepoa. Ndiyo maana kuondoka kwa programu moja kulitosha kukirudisha kifaa kizima mahali pa simu ya kupiga na kupokea. Wenyeji wa mlimani watalielewa hili kwa mfano wa mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinaweza kuwa na udongo mzuri na mkulima hodari, lakini maji yanaingilia juu kabisa, kwenye banio, na likifungwa kule, hodari na mvivu wanakauka pamoja. Tofauti ni kwamba wenye mfongo hukaa wakapangiana zamu, na aliyenyimwa anajua kikao kiko wapi na wa kumlalamikia ni nani. Mwenye kitochi hakuwa na kikao. Meta, wenye WhatsApp, waliamua wapi waweke nguvu zao, na uamuzi ukafika Mwika kama taarifa.

Wapo watakaosema nazunguka mbuyu, kwamba suala ni bei tu. Watasema TouchPad iliyokuwa ikiuzwa dola 499 iliposhushwa hadi 99 iligombewa na kumalizika haraka. Ni kweli, lakini kampuni ilikuwa inamaliza mzigo kwa hasara ili ifunge biashara, na hakuna anayeweza kuishi sokoni kwa bei ya namna hiyo. Kitochi cha KaiOS kilikuwa na bei nafuu tangu siku ya kwanza na hakikuokoka. Bei nayo ina mizizi nje ya kifaa. Mara Group walipozindua kiwanda chao cha simu Kigali Oktoba 2019, mbele ya Rais Kagame, hawakukosa mfumo: simu zao mbili zilitumia Android ya Google. Ziliuzwa kati ya dola 130 na 190 hivi, ilhali itel na Tecno zilikuwa na simu janja za bei ya chini kabisa ya hapo. Anayetengeneza mamilioni ya simu hununua vioo na chipu kwa bei ambayo anayetengeneza maelfu haambiwi. Kiwanda dada cha Durban kilifungwa, na mwaka 2022 mitambo yake ikapigwa mnada. Hata kodi haikusaidia sana. Katika bajeti ya 2021/22 Tanzania ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa kwa maelezo kwamba mnunuzi hakuuona unafuu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Nokia. Kama umati ndio unaomlinda mkubwa, Nokia ilidondokaje? Kuna wakati neno Nokia lilikaribia kuwa na maana ya simu, na fundi yeyote wa Moshi aliweza kufungua 3310 gizani. Na Tecno ilitoka wapi, ikiwa kampuni mama, Transsion, ilianzishwa mwaka 2006 tu? Nakubali kwamba utawala wa soko hauna hati ya milele. Lakini angalia namna ulivyovunjika. Nokia haikupinduliwa na simu bora ya kupigia. Shughuli za watu zilihamia kwenye programu, yenyewe ikachagua Windows Phone mwaka 2011, simu za Lumia zikapendwa kwa umbo na kamera, na programu zikaendelea kutoka kwanza, au kutoka tu, kwa ajili ya Android na iPhone. Tecno ilikwenda njia nyingine. Haikujenga umati wake, iliingia kwenye umati wa Android ambao tayari ulikuwepo. Pamoja na hilo ilipigania mambo ambayo wakubwa waliyadharau: laini mbili katika simu moja, wakati ambapo kupiga mtandao mwingine kulikuwa na gharama ya kuuma; betri ya kuvumilia palipokosa umeme; kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi; na vituo vya matengenezo vya Carlcare. Mambo hayo, ukiyatazama, karibu yote yanahusu mazingira ya mtumiaji. Hapo ndipo mgeni anapoweza kupita.

Na kuna kitochi kimoja kilichogoma kufa, nacho ni kile cha kawaida kabisa kisicho na programu hata moja. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikudai simu janja. Unabonyeza *150*00#, menyu inakuja kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, unatuma fedha, wakala wa Marangu anatoa. Kwa kuwa huduma inakaa kwenye mtandao na haikai ndani ya kifaa, simu ya bei ya chini kabisa na ya bei ya juu kabisa zinasimama sawa mbele yake. Sisemi kampuni za simu ni watakatifu. Nazo ni wakubwa wa banio lao. Ila hapa zilikuwa na faida ya kumhudumia kila mwenye laini, na mwenye kifaa dhaifu akanufaika.

Hili lina maana kwa vishikwambi vya serikali. Vile vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, wa Kilimanjaro wakiwemo, na wengi tulishangilia. Mnunuzi mkubwa kama serikali anaweza kuruka kikwazo cha kwanza, kwa sababu hahitaji kumshawishi mteja mmojammoja. Hawezi kuruka vile vingine. Kioo kikipasuka Tarakea, kishikwambi kinashuka hadi kwenye meza ileile ya fundi wa Moshi, penye vioo vya Spark na Galaxy A. Mfumo ukizeeka, programu zitaanza kukikataa moja baada ya nyingine kama ilivyokuwa kwa KaiOS. Kwa hiyo zabuni inayoeleza ukubwa wa kioo na kumbukumbu bila kusema ni vioo na betri ngapi za akiba zitakuja, zitakaa mkoa gani, na mtengenezaji atasasisha mfumo kwa miaka mingapi, imeacha nje nusu ya bidhaa. Hapo kuna jambo Taasisi ya Elimu Tanzania imelifanya vizuri bila kelele nyingi: vitabu vya kiada imeviweka kwenye Maktaba Mtandao, vinavyofunguka kwa kivinjari cha kawaida. Mwalimu wa Rombo ambaye kishikwambi chake kimezimika anaweza kukifungua kitabu kilekile kwenye Tecno yake, alimradi ana bando.