Lopitali nako kuko jetoni

Wenzetu wanaoshuka chini ya udongo wanajua kazi ya jetoni. Kila mmoja yuko na yake, na namba yake. Ukichukua ya mwenzako na mwamba ukianguka, watatafuta mtu ambaye yuko nyumbani anakula bukari, na wewe hakuna anayejua kama uko chini.

Ku lopitali nako kuko jetoni: ndiyo modepasi, neno la siri. Siku hizi, pahali pengi, fishi ya mgonjwa iko ndani ya ordinatere. Infirmie anaandika jina lake na neno lake la siri, na kila dawa anayotoa inabakia chini ya jina lile.

Lakini tuangalie kazi yenyewe. Usiku, infirmie mmoja, vitanda ishirini. Akigeuka nyuma kidogo, ordinatere inajifunga. Umeme unakatika, unarudi: aanze tena. Na neno lenyewe ni refu, na kila mara wanamwambia alibadilishe. Mtoto anawaka homa. Atafanya nini? Ataita mwenzake: “Yaya, fungula na yako, mi nilisahabu yangu!” Kisha ordinatere inabaki wazi mpaka asubuhi.

Haiko kwetu tu. Mwaka wa 2015, watafuti wa Marekani, kati yao Ross Koppel na Sean Smith, walieleza namna watu wa lopitali walivyofunika kwa vikombe vile vyombo vinavyofunga ordinatere mtu akitoka. Mwaka wa 2017, katika utafuti mwingine, watu 299 wa kazi ya uganga waliulizwa: 220 walikubali kwamba walisha kupata neno la siri la mwenzao.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni dawa: wote wakiandika chini ya jina moja, infirmie wa asubuhi atamuuliza nani juu ya sindano ya usiku? Ya pili ni siri. Wengi wetu tunatunzwa ku lopitali ya kampuni. Fishi ya mapafu yako ikibaki wazi, habari inaweza kufika kwa kapita mbele ya kufika kwa bibi yako.

Basi tukaze kufuli zaidi? Hapana. Kufuli ngumu kupita kipimo inamzoeza mtu kuacha mlango wazi. Mwaka wa 2017, NIST, shirika la serikali ya Marekani, ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha neno la siri kila mara bila sababu.

Kuko njia nyingine. Pahali pengine infirmie anaandika neno la siri mwanzoni mwa kazi, kisha anagusisha baji yake tu. Ordinatere inafunguka pale alipoachia. Baji ikipotea, inafungwa palepale. Na kwa mgonjwa anayetaka kukata roho, munganga anaruhusiwa kufungua fishi bila kungoja, lakini jina lake linabakia, na kesho ataulizwa sababu.

Wadelege wetu, mkiketi na wakubwa wa kampuni, ulizeni maneno mawili: kila infirmie yuko na ufunguo wake mwenyewe? Na kutoka kitandani mpaka fishi kufunguka, inachukua muda gani? Kama jibu la pili ni baya, msiamini jibu la kwanza.