Taa ya onyo ya pikipiki ya magurudumu manne

Taa ya onyo ya pikipiki ya magurudumu manne ni alama inayowaka kwenye dashibodi ili kumjulisha dereva kwamba kuna hitilafu, au kwamba muda wa matengenezo umefika. Pikipiki hizo hutumika mashambani, misituni, ufukweni na mahali pengine pasipo na barabara nzuri, mara nyingi mbali na gereji. Hivyo ni muhimu kujua maana ya taa kabla ya kuizima.

Historia

Mwaka 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza US90, chombo cha magurudumu matatu. Suzuki ilileta QuadRunner LT125 ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyombo hivyo vilitumia kabureta na havikuwa na kompyuta ya injini. Baadaye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme ulipoenea, injini ziliwekewa vihisi vinavyopima joto, hewa na mzunguko wa injini. Kipimo kikitoka nje ya kiwango, kompyuta huhifadhi msimbo wa hitilafu na kuwasha taa.

Aina za taa

Ufunguo unapofunguliwa, taa za onyo huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Hilo ni jaribio la taa zenyewe, si hitilafu. Taa inayobaki inawaka huwa mojawapo ya hizi:

- Taa ya injini: kuna hitilafu katika kihisi, waya, mfumo wa mafuta au umeme. Betri dhaifu pia inaweza kuiwasha.
- Taa ya joto: injini imepata joto kupita kiasi. Sababu ya kawaida ni matope yaliyoziba rejeta, feni isiyozunguka au upungufu wa maji ya kupoza.
- Taa ya usukani: msaada wa umeme wa usukani haufanyi kazi, na usukani unaweza kuwa mzito.
- Alama ya spana: saa zilizopangwa kati ya huduma moja na nyingine zimetimia. Si hitilafu.

Namna ya kuzima

Alama ya spana huzimwa na mwenye pikipiki baada ya kubadilisha oili na filta na kukagua sehemu nyingine. Katika modeli nyingi za Polaris, kiwango cha saa 50 huwekwa kiwandani. Katika baadhi yake, dereva hubonyeza kitufe cha dashibodi hadi saa za huduma zionekane, hukishikilia mpaka namba zianze kumetameta, kisha hupanga saa upya.

Taa ya injini hushughulikiwa kwa kusoma msimbo kwanza. Polaris huonyesha msimbo kwa namba kwenye dashibodi. Katika baadhi ya modeli za Honda taa yenyewe humetameta: mmweko mrefu huhesabiwa kumi na mfupi huhesabiwa moja. Kwa mfano, mmweko mrefu mmoja na mifupi miwili ni msimbo 12. Kitabu cha matengenezo hueleza maana yake. Hitilafu ikirekebishwa, mara nyingi taa huzimika yenyewe, ingawa msimbo unaweza kubaki kwenye kumbukumbu mpaka fundi aufute.

Hakuna njia moja inayofaa pikipiki zote. Magari madogo yanayouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na soketi ya aina moja ya kupimia hitilafu kuanzia modeli za mwaka 1996, lakini sharti hilo halikuhusu pikipiki hizi. Kwa hiyo kifaa cha kupimia magari mara nyingi hakiingii bila waya wa kuunganishia.

Tahadhari

Wengine huchomoa betri ili kuzima taa. Njia hii haitengenezi kitu: katika modeli nyingi msimbo hubaki, na kama hitilafu ipo taa hurudi. Betri ikilazimu kutolewa, waya wa hasi hutangulia kufunguliwa na huwa wa mwisho kufungwa.

Taa ya joto ikiwaka, dereva asimame mahali salama na kuzima injini. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza. Injini ikiendelea kuendeshwa katika hali hiyo, gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua na pistoni kukwama.