Fahamu: Anayehamishwa kupisha mgodi Kolwezi ana haki gani?

Cité Gécamines, mtaa ulio ndani kabisa ya mji wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Tangu 2015 mgodi wa COMMUS, ubia wa Zijin ya China na Gécamines, umekuwa ukipanuka kando yake, na familia zimekuwa zikiondoka. Mwaka 2023 Amnesty International na IBGDH, shirika la hapohapo Kolwezi, walichapisha malalamiko ya familia hizo: fidia ndogo, mashauriano hafifu.

Sheria ipo, tena inaeleweka. Kanuni ya Madini ya 2002 ilirekebishwa Machi 2018, na agizo la Juni mwaka huohuo lina Kiambatisho cha XVIII kinachohusu uhamishaji tu. Mwenye mgodi lazima ashauriane na wakazi, alipe fidia, atoe makazi mapya na arudishe njia zao za kujipatia riziki.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Huko Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi ambako kobalti ilionekana chini ya nyumba mwaka 2014, baadhi ya wakazi walipewa pesa au nyumba katika kijiji cha Samukinda. Lakini mama aliyeuza unga mbele ya mlango wake anapoteza pia wateja. Naamini mafunzo ya ufundi na mashamba yanapaswa kuanza kabla lori la mizigo halijafika.

Kabla ya kutia sahihi, omba nakala ya mpango wa uhamishaji, kwa lugha unayoisoma, na uliza ukurasa wa riziki uko wapi.