Mipira Gani kwa Katre-katre Inayovuta Remorki?

Ndugu wanafunzi, wale waliokuwa uwanjani ile jioni ya Novemba wanakumbuka: jipi ya shule ilirudi usiku, bila remorki. Tulikuwa watu wanane ndani yake. Tulitoka Bukavu na mifuko 20 ya unga na maharagi, na lami ilitupeleka vizuri mpaka Kavumu. Mvua ilitukuta mbele ya Katana. Katika mteremko mmoja kabla ya kufika Kalehe, mpira wa nyuma, upande wa ziwa, ulipasuka ubavuni. Remorki ikatusukuma, ikageuka, ikalala kando ya bonde. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini mifuko 11 ilipasuka, na munajua wenyewe tulikula nini juma lile.

Kilichonishangaza ni kwamba mipira ile ilikuwa mipya, tena yenye meno makubwa kama ya trakta. Ilipofungwa tuliizunguka tukiisifu. Mimi mwenyewe nilisema, « Sasa hii jipi itapanda hata mlima Kahuzi! » Basi nilimwendea shoferi nikamwuliza: « Papa, mupira mupya unapasuka namna gani? » Akanijibu: « Mutoto wangu, baliangalia meno, habakuangalia namba. » Tangu siku ile nilianza kuuliza-uliza kwa mekanisye na kwa mwalimu wetu wa fizika, na haya ndiyo niliyopata.

Inama kando ya mpira wowote, pangusa matope, usome ubavuni. Tuseme umeona 7.50 R 16 116/114 N. Hiyo 7.50 ni upana wa mpira kwa inchi, R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zinapita kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na 16 ni kipimo cha janti. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini kwa gari la kuvuta, namba kubwa kuliko zote ni ile 116. Siyo kilo, ni namba ya kutafuta katika orodha ya watengenezaji, na maana yake ni kwamba mpira mmoja unabeba kilo 1,250. (114 ni pale mipira miwili inafungwa pamoja upande mmoja, kama kwenye kamioni. N ni mwendo: mwisho kilometa 140 kwa saa, nani atafika huko kwenye njia yetu?) Mipira yetu ya meno makubwa ilikuwa na 104. Hiyo ni kilo 900. Miwili ya nyuma, kilo 1,800, basi.

Sasa tufanye hesabu. Jipi na watu wanane na mizigo yao, magurudumu ya nyuma yalibeba karibu kilo 1,700. Mutasema: bado nafasi ya kilo 100. Ngoja kwanza. Remorki tupu ina kilo 500, mifuko 20 ya kilo 50 ni kilo 1,000, jumla 1,500. Remorki iliyopakiwa vizuri inalaza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya ndoano ya jipi, yaani kilo 150. Na ndoano haiko juu ya magurudumu, iko nyuma yao! Tulipima: kutoka ndoano mpaka magurudumu ya nyuma ni metre 1.2, kutoka ya nyuma mpaka ya mbele, metre 3. Ni levie ileile ya darasani. Kilo 150 mara 1.2, gawanya kwa 3, unapata 60. Hizo 60 zinanyanyuliwa mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma yanapokea 150 na 60, kilo 210. Jumla 1,910, na mipira iliweza 1,800 tu.

Mpira uliozidiwa hauwezi kusema. Unalala kidogo chini, ubavu unajikunja na kunyooka kila mzunguko. Mpira wa kipimo hiki unazunguka karibu mara 400 kwa kilometa moja. Kwa kilometa 10, mara 4,000. Ndani yake joto linapanda, kama waya unaoukunja-kunja mpaka ukatike. Pale kwenye mteremko shimo moja lilitosha.

Basi tuje kwenye meno. Watengenezaji wanagawa mipira ya katre-katre namna tatu. Kuna ya barabara, yenye mifereji midogo. Kuna ya matope, wanaiandika M/T. Na katikati kuna ya njia zote, A/T. Tusidharau M/T: udongo wetu mwekundu ukilowa unajaza mifereji midogo mpaka mpira unakuwa laini kama sabuni, na meno yaliyoachana yanautupa udongo nje. Anayepita Bunyakiri kila juma wakati wa mvua anahitaji M/T, sina ubishi naye. Lakini meno marefu yanacheza juu ya lami, yanakula petroli, yanaisha upesi. Na remorki ikiyumba nyuma, gari zima linayumba nayo. Sisi tunapita lami mpaka Kavumu, kisha udongo, na mara nyingine tunaendelea Minova mpaka Goma. Huko ni mawe ya volkeno, yale ya Nyiragongo iliyolipuka 2002 na tena 2021, yanakata ubavu kama wembe. Na tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, hatusahau mawe ambayo maji ya mlima yanaweza kushusha mpaka njiani. Kwa njia yenye mambo haya yote, mimi naona A/T ya ubavu mgumu inafaa kuliko M/T ya ubavu mwepesi. Tafuta alama 8PR au 10PR. Siyo lazima kuwe na nguo kumi ndani, ila nguvu yake ni kama ya mpira wa zamani wa nguo kumi.

Alama ya M+S isikudanganye. Ni « matope na theluji », kila mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, na theluji ya Kalehe sijaiona.

Na remorki? Magurudumu yake hayavuti kitu, yanafuata tu, kwa hiyo meno hayana kazi kubwa kwake. Yape nguvu ya kubeba. Tena, kama tundu za janti zinalingana, weka kipimo kimoja na cha jipi, ili mpira mmoja wa akiba utumike pande zote mbili.

Wengi tunanunua okaziyo, siyo dhambi. Lakini tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa miaka mingi unaweza kuwa na meno mazuri na mipasuko midogo ubavuni. Huo, uuache. Usichanganye pia vipimo viwili kwenye katre-katre: ukifunga vitesi vya mbele juu ya lami, magurudumu yanabishana na vyuma vinaumia.

Neno la presio: soma kibandiko cha mlango wa shoferi, kina hesabu ya gari tupu na ya gari lililojaa. Kupunguza upepo kunasaidia kutoka matopeni, maana mpira unakanyaga mahali papana zaidi. Lakini ukitoka na remorki yenye mzigo, pompa mara moja, kabla ya mteremko.

Mwezi wa pili Bwana Prefe alinunua A/T nne, 116, na mbili za namna hiyohiyo kwa remorki. Fedha ya mpira wa akiba haikutosha, hivyo ule wa 104 bado umefungwa nyuma ya mlango. Shoferi ameuandika kwa rangi nyeupe: BILA REMORKI.