Kweli au si kweli: simu ya intaneti na swichi tunayoisahau ukutani

Mgonjwa anapotolewa Mbwera au Salale kwa boti usiku, safari yake huanza na simu. Mtu anapiga kituoni kuuliza kama mkunga yupo, na kama gari litasubiri kwenye gati la Nyamisati maji yakijaa. Ndiyo maana huniuma nikiingia kwenye ofisi ya huku Kibiti iliyohamia simu za intaneti, nikasikia sauti inakatakata, halafu nikaelezwa kwa uhakika kabisa sababu ambayo siyo. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

“Sauti inakatika kwa sababu intaneti yetu ni ndogo.”

Mara nyingi si kweli. Piga hesabu mwenyewe. Simu moja inayotumia mfumo wa kawaida wa G.711 hutuma pakiti 50 za sauti, yaani vipande vidogo, kila sekunde, na kwenye waya hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi zikizungumza kwa pamoja hazifikishi megabiti moja.

Kinachoua sauti ni foleni. Ndani ya jengo swichi ya mtandao inakimbia kwa megabiti 100 au gigabiti nzima, lakini mlango wa kutokea nje una megabiti tano. Kamera za ulinzi zikianza kupakia picha zake saa hiyohiyo, pakiti ya sauti inakwama nyuma ya mzigo huo. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Kwa sauti, shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usipite milisekunde 150, na pakiti iliyochelewa kupita kiasi hutupwa tu, hata kama imefika salama.

Fikiria gati la Nyamisati siku boti ina magunia mengi. Mama mwenye uchungu hapangi mstari nyuma ya magunia ya nazi, watu wanampisha. Mtandao nao unaweza kufundishwa kupisha. Pakiti ya sauti hupewa alama, na kwa simu alama iliyozoeleka ni DSCP 46. Ukinunua kifurushi kikubwa zaidi bila kupanga jambo hilo, umeongeza boti tu, na mama bado yuko nyuma ya magunia.

“Simu tumezitenga kwenye VLAN yake, kwa hiyo zina kipaumbele.”

Si kweli, na hili linawapoteza hata mafundi wazuri. VLAN ni ukuta. Inazitenga simu na kompyuta, inasaidia usalama, inapunguza kelele za mtandao. Lakini haisemi nani apite kwanza. Kipaumbele ni kazi nyingine, na lazima kiwekwe hatua kwa hatua: simu itie alama, swichi iiamini alama hiyo, kisha rauta iitii pale foleni inapotokea. Baadhi ya swichi, ukiwasha QoS, yaani mpango wa vipaumbele, bila kuziambia ziamini mlango wenye simu, huzifuta alama zote na kuziweka sifuri. Fundi anaondoka akiamini kazi imekamilika, kumbe ameiharibu kuliko alivyoikuta.

Usiamini kila mlango pia. Kompyuta ya mtu yeyote inaweza kujitia alama 46. Amini mlango wa simu, mingine ipangie wewe. Na ujue kwamba ukishatoka kwenye rauta yako kwenda intaneti ya wazi, hakuna anayewajibika kuiheshimu alama yako. Ndiyo sababu kazi yote ya maana inafanyika ndani ya jengo.

“Swichi ya PoE yenye milango 24 inawasha simu 24.”

Inategemea. PoE ni umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao. Kwa kiwango cha 802.3af, mlango mmoja unaweza kutoa hadi wati 15.4, lakini swichi nzima ina kikomo chake. Ikiwa kikomo ni wati 120 na umeshachomeka kamera nane za wati 10, zimebaki 40. Kwa simu za wati sita, hizo ni simu sita tu. Ya saba haiwaki, na utaambiwa simu ni mbovu.

“Umeme ukikatika, simu ya mezani inaendelea kama zamani.”

Si kweli, na hapa ndipo ninapowasihi watu wasikilize. Simu ya zamani ya waya ililetewa umeme wake kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Simu ya intaneti inategemea swichi iliyo juu ya kabati lako. Swichi ikizima, simu zote zimezima, ikiwemo ya wodi ya wazazi. Kwa hiyo ziwekee betri. Swichi, rauta na simu chache zikila wati 60, betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, umebaki na saa nane hivi. Usiku mmoja unapita.

“Mkongo wa baharini ukikatika, hata simu za ndani zinakufa.”

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania ikaumia sana. Simu za ndani zilipaswa kuendelea ikiwa mtambo wa kupokea na kugawa simu uko ndani ya jengo, kwa mfano kompyuta ndogo yenye programu ya Asterisk. Mapokezi wakipigia maabara, sauti inapita kwenye swichi, haitoki hata getini. Mtambo ukiwa wa kukodi ng’ambo, basi ni kweli: zinakufa.

“Waya wa shaba unaruhusiwa popote, mradi usizidi mita 100.”

Urefu ni kweli. Popote, hapana. Niliwahi kuchomoa kichwa cha waya kwenye jengo lililo karibu na mikoko, nikakuta meno yake yamevaa kutu ya kijani na moja limekatika kabisa. Chumvi ilikuwa imefanya kazi yake taratibu, na mwenye jengo alikuwa amebadilisha kampuni ya intaneti mara mbili. Kati ya jengo na jengo weka faiba. Faiba ni kioo: haishiki kutu, wala haiingizi radi ya masika ndani ya swichi.

“Kwenye setilaiti, swichi nzuri itaondoa ucheleweshaji.”

Si kweli. Setilaiti ya VSAT iliyosimama angani iko takriban kilomita 36,000 juu. Sauti kupanda na kushuka tu ni robo sekunde, na hakuna mpangilio wa kuipunguza. Wafundishe watu kumaliza sentensi na kusubiri.

Ukimaliza kuseti, usinionyeshe rangi za kijani kwenye skrini. Zima swichi kuu ya umeme wa jengo, acha kamera zote zipakie picha, kisha mwombe mtu aliye Mbwera apige namba ya wodi ya wazazi.